Nisichokiona Hakipo

Sogeeni karibu, wenye masikio, maana hadithi imenijaa mpaka shingoni.

Zimwi lilimfungia Mize, mfinyanzi wa vyungu, ndani ya kihenge cha mtama chenye kifuniko kilichomtii aliye nje tu.

"Nithibitishie kuwa Mungu yupo, nitakutoa," likanguruma. "Lakini nisichokiona hakipo!"

Siku ya kwanza Mize akasema, "Mvua inanyesha."

"Mvua naiona. Mungu je?"

Siku ya pili akasema, "Kila chungu kina mfinyanzi wake. Dunia nayo je?"

"Huyo mfinyanzi wa dunia simwoni!"

Siku ya tatu hoja zikamwishia. Akanyamaza.

"Mize!" Kimya. "Mize, umo?" Kimya. "Mize we!" Kimya.

Zimwi likaingiwa na wasiwasi, kwani kwa nje halikuona mtu. "Funguka!" likaamuru. Likaingiza kichwa, likaingiza mabega, likatumbukia lote gizani. Mize akalikanyaga mgongoni, akaruka nje, akapiga kelele, "Jifunge!"

Kifuniko kikajifunga.

"Mize, nitoe! Nimo humu!"

Mize akajipangusa vumbi la mtama. "Umo wapi? Mbona sikuoni?"