Mchi wa Pili

Sogeeni, wanangu, leo sina nguvu za kupaza sauti.

Palikuwa na kigori, Mwanasiti, aliyezoea kutwanga mpunga na mamake: kinu kimoja, michi miwili, kwa zamu. Mama alipokufa, Mwanasiti akatwanga peke yake, akiiacha kila zamu ya mama ipite kimya.

Zimwi likaja. "Nikumeze upumzike?"

"Ngoja nimalize."

Kesho yake likarudi. "Nikumeze?"

"Ngoja nimalize."

Siku ya tatu Mwanasiti akasema, "Nimeze, nimechoka. Ila kwanza shika mchi ule, mpunga haujaisha."

Zimwi likashika mchi wa mama. Wakatwanga kwa zamu, ti! ti! kama zamani. Mwanasiti akalia, mara ya kwanza tangu maziko, mpaka usingizi ukamchukua.

Alipoamka, mchele ulikuwa mweupe, zimwi halipo, na mchi wa mama una joto la mikono.

Hadithi imeishia kinuni. Haya, nani atashika mchi wa pili?