Fungu la Tatu Lina Mwenyewe

Kitendawili, wajukuu zangu. Nimebeba mafungu matatu mgongoni: la kwanza lanipeleka, la pili lanirudisha, la tatu si langu wala sina ruhusa ya kuliacha nyumbani. Ni nini?

Mmeshindwa. Mji msinipe bado, kaeni nao. Katika hadithi hii yumo mtu atakayetegua kwa niaba yenu, na yeye alichelewa kuliko nyinyi.

Mliniuliza kwa nini shangazi yenu alimwambia mwenzenu Salma, alipomkuta akikomba uji wa mgonjwa, "Fungu la tatu lina mwenyewe." Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mzamiaji wa Pemba, jina lake Shaame. Tangu utoto alizamia pweza kwa pumzi zake tu, bila chombo chochote. Wenzake walipokwisha kuanza kumwombea dua, yeye huibuka anacheka, pweza mkononi. Pumzi hizo zikampeleka mbali. Alifundishwa kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni, akapata kazi kwenye kisiwa cha Wagiriki, katika Bahari ya Mediterania, ambako wageni huja kutazama mapango yaliyo chini ya maji. Mwaka wa pili akamwita shemeji yake Mbwana, mume wa dada yake Mize. Mbwana alikuwa mchumaji wa karafuu. Mikarafuu aliijua tangu mdogo; bahari aliijulia ukubwani.

Mkubwa wao wa kazi alikuwa mzee wa kisiwa hicho, Spiru. Kila mzamiaji mpya alimwonyesha kipimo cha mtungi, kile chenye mshale, akakigawa kwa kidole mara tatu. "Hewa ya pangoni ni mafungu matatu," alisema. "La kwanza la kuingia. La pili la kutoka. La tatu ni la nani?"

"Langu," Shaame alimjibu. "La akiba."

Spiru akatikisa kichwa. "Utanijibu siku nyingine. Lakini shika hili: wa kwanza kumaliza fungu la kwanza akigeuka, wote mnageuka."

Shaame alilishika kwa masikio. Moyoni aliona ni sheria ya watu wanaohema sana. Yeye alipanda juu na mtungi karibu nusu, siku ambazo Mbwana alipanda na mshale uko chini. Na shemeji na shemeji, utani ni halali yao.

"Shemeji, wewe hewa huivuti," Shaame alimwambia wakila chakula cha jioni. "Wewe unaila, na mchuzi juu."

"Na wewe umezaliwa na pweza," Mbwana akajibu. "Dada yako hakuniambia, ningedai mahari yangu."

Wakacheka. Lakini neno la utani likirudiwa kila siku huacha alama. Mbwana akaanza kuona haya kuwa wa kwanza kugeuka.

Ikafika asubuhi moja kabla ya msimu wa wageni. Wawili hao walitumwa kuikagua kamba iliyofungwa ndani ya pango, ile ambayo mzamiaji huifuata ili asipotee. Waliingia, tochi mkononi, Shaame mbele. Kamba ilikuwa nzima hadi mwisho wake, kwenye chumba cha ndani kabisa. Humo mna nguzo za mawe meupe zilizoning'inia toka darini, kama nta iliyochuruzika. Shaame hakuwahi kuziona.

Mbwana akamgusa bega. Akamwonyesha kipimo chake: fungu la kwanza limekwisha. Akageuza kidole gumba, turudi.

Shaame akamwonyesha cha kwake. Mshale ulikuwa bado juu. Akapeleka vidole mdomoni kama anayekula, ule utani wao wa mezani, akaelekea kwenye nguzo.

Hapo Mbwana angeweza kugeuka. Lakini mtu hamwachi mwenziwe pangoni, tena hakutaka kuchekwa. Akabaki. Shaame akazunguka nguzo moja, akazunguka ya pili. Mshale wake ukapita alama ya fungu la kwanza, akauona, asijali; njia ya kurudi ingemlia hewa kidogo tu. Kipimo cha Mbwana hakukitazama tena.

Walipogeuka, Mbwana alikuwa na haraka. Mapezi yake ya mpira yakagonga sakafu, matope yakapanda, maji yakawa kama chai ya maziwa. Tochi haikuona kitu. Wakaenda kwa kupapasa kamba. Mwenye hofu huhema kwa watu watatu, na kabla ya kona ya mwisho Mbwana akamkamata Shaame mkono, akajipitisha kiganja shingoni: hewa imekwisha.

Shaame akampa mpira wa pili wa kupumulia, ule unaotoka kwenye mtungi wake mwenyewe. Sasa wawili walivuta katika mtungi mmoja. Walipoipita kona, mwanga wa mlango ukaonekana mbele, wa buluu. Na hapo mtungi wa Shaame ukakauka.

Shaame akaibana pumzi, kama alivyofanya maisha yake yote. Akamshika Mbwana kwapani, akamvuta. Mwanga ukakua. Lakini Mbwana alikuwa mtu wa mikarafuu. Hakujua kukaa bila pumzi. Walipofika juu, jua linawaka, mmoja tu ndiye aliyekohoa.

Spiru hakumlaumu. Alikaa naye kando ya maiti, akamwuliza taratibu, "La tatu lilikuwa la nani?"

Shaame akairudisha maiti Pemba. Wazee wakamzika Mbwana na kusema ni kudra, siku zake zimefika, na Shaame akaitikia kwa kichwa kila alipoambiwa hivyo. Neno kudra lilikuwa kivuli kizuri cha kukaa. Angeweza kukaa humo hadi kufa.

Mize alikuwa katika eda. Shaame, ndugu yake wa tumbo moja, akaingia kumwona. Dada yake hakulia mbele yake.

"Kaka," alisema, "wenzio wananiambia kudra, na kudra naiamini. Lakini nimeambiwa mitungi yenu ilikuwa sawasawa, na kwamba wewe huhemi sana. Ingalibaki nyingi kwako. Hewa ya kumfikisha Mbwana mlangoni ilikwenda wapi?"

Shaame akatazama mkeka. Nje wanawake walikuwa wakitwanga. Alingoja mchi utue, ukatua, ukapanda tena.

"Ilikuwako, Mize," akasema. "Niliibeba mgongoni nikadhani ni akiba yangu, nikaila kwa kutazama mawe. Ilikuwa ya mumeo. Fungu la tatu lina mwenyewe."