Neno la Karani

Hapo zamani, msiniulize lini maana hata mimi niliambiwa, palikuwa na mji uitwao Chokaani, na mji huo ulikuwa na sheria moja nzuri. Mtu akikamatwa, siku ya kuombewa dhamana haulizwi alilotenda. Anaulizwa mawili tu: nani anakudhamini, na je, utarudi siku ya kesi? Mengine akitaka atasema, asipotaka atanyamaza, na kunyamaza kwake hakumhukumu. Sheria nzuri. Lakini sheria hukaa mikononi mwa watu, na sisi watu mnatujua.

Mwaka wa njaa, ghala la mji likavunjwa. Aliyelivunja ni Chausiku, mjane mja mzito, ambaye watoto wake walikuwa hawajaonja kitu kwa siku mbili. Jirani yake Mwanaheri, msusi wa mikeka, alimwona, akakimbia kumzuia. Akachelewa. Askari walipofika, Chausiku alikwishapita na unga wake. Waliyemkuta mlangoni ni Mwanaheri.

Wakamkamata. Na nyumbani kwa Mwanaheri alilala mama yake, Bi Mize, mgonjwa wa kugeuzwa ubavu, asiye na mtoto mwingine. Kila aliyeingia alimwambia, "Niitieni mwanangu nimpe radhi zangu kwa kinywa changu."

Kitwana, ndugu wa Bi Mize, akaenda mahabusu. Akasema, "Mwanangu, kinywa chako ni mali yako. Usiseme lolote mpaka siku ya kesi."

"Na mama je, mjomba?"

"Nakudhamini mimi. Jioni utakuwa naye."

Asubuhi hakimu akauliza, "Nani anamdhamini?" Kitwana akajibu, "Mimi, na shamba langu." Hakimu akauliza, "Utarudi?" Mwanaheri akajibu, "Nitarudi." Yangeishia hapo. Lakini watu wenye njaa walijaa barazani, wakapiga kelele, "Muulize kama ameiba!" Hakimu akawasikiliza. Akauliza, "Mwanaheri, ghala ulivunja wewe?" Kimya. Akauliza mara ya pili. Kimya. Akauliza mara ya tatu. Mwanaheri akainamisha uso, machozi yakimtoka, kimya.

Pembeni aliketi karani. Karani huyu kwa miaka ishirini alikuwa akiandika ndoa. Na mnajua mwari anavyoulizwa: mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akiona haya asijibu, huandikwa kwamba amekubali. Mazoea yana tabu. Mkono ukaenda ulikozoea kwenda, ukaandika: "Ameulizwa mara tatu. Ameridhia."

Hakimu naye alikuwa na desturi yake. Asubuhi husikiliza kesi nyingi, alasiri huamua kwa kitabu. Alasiri ile akasoma, akasema, "Aliyekiri hana dhamana. Arudishwe ndani."

Siku tatu Kitwana alizunguka akiomba kitabu kifunguliwe. Siku ya tatu kikafunguliwa, akaliona neno, akapiga ukelele. Hakimu akaona aibu, Mwanaheri akatolewa. Akakimbia mpaka nyumbani, akakuta wanawake wanachota maji ya kumwoshea maiti. Bi Mize alikuwa amekufa alfajiri.

Chausiku ndiye aliyemuuguza siku zote tatu, ndiye aliyemfumba macho. Akasema, "Mwanaheri, radhi zake hakuzitoa. Alikungoja wewe. Neno lake la mwisho lilikuwa hili: aliyemchelewesha mwanangu asiniguse."

Wanaume walikuwa wamekuja kubeba jeneza, hakimu na karani miongoni mwao, wakalisikia neno lile. Mikono yote ikashuka, na wanawake nao wakaweka maji chini, maana hakuna aliyejua ni nani hasa aliyemchelewesha.

Hakimu akasema, "Mimi niliamua kwa kitabu. Kitabu ndicho kilichonidanganya."

Karani akasema, "Niliandika vibaya, Mungu anisamehe. Lakini bwana hakimu, swali lile sheria ilikukataza. Usingeuliza, ningeandika nini?"

Kitwana akasema, huku analia, "Dada yangu huyu! Nilimshauri mtoto haki yake. Nilijua mama yake yuko ukingoni, na bado nikamwambia anyamaze."

Mwanaheri akasema, "Hakuna aliyenifunga ulimi. Neno moja tu, ningemwona mama yangu siku ileile. Nililimeza."

Ndipo Chausiku akaketi chini, mikono juu ya tumbo lake. "Neno alilolimeza," akasema, "ni jina langu. Siku tatu nilimpa mama yake uji wa unga ule, na siku tatu sikwenda kwa hakimu."

Pakawa hakuna wa kuosha wala wa kubeba. Jua likapanda, na Bi Mize amelala palepale chini ya shuka.

Haya, nanyi mnaosikiliza, maiti hangoji. Je, kati ya watano hao, nani hakustahili kumgusa?