Kwa Nini Pikipiki za Majabalini Hazina Kiti

Kulikuwa na wakati pikipiki zote zilikuwa na viti, na kila aliyepanda alikaa kama bwana harusi. Bisha usibishe, ndivyo ilivyokuwa. Leo panda milima ya Upare uone vijana wanavyokwea majabali wamesimama wima, chini yao hakuna kiti wala dalili ya kiti. Jambo hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ni Kajiru.

Kajiru alizaliwa katika ukoo wa wafua chuma. Babu yake alifua majembe, baba yake akafua majembe, na yeye shule ilimshinda darasa la tano. Au yeye ndiye aliyeishinda, maana baiskeli ya mwalimu ilipovunjika, mwanafunzi alitengeneza na mwalimu akashika spana. Miaka ya kuvukuta moto ilimfundisha kwamba chuma kingi ni mzigo wa bure, na fundi ni yule anayejua pa kupunguza.

Basi akatafuta injini ndogo ya mapigo manne, ile inayovuta taratibu kama punda mwenye akili, akaifunga kwenye fremu ya mabomba membamba aliyoyachomelea mwenyewe. Wenye pikipiki za mjini walimcheka. Lakini za kwao zilikuwa nzito. Zikifika majabalini, dereva alishusha mguu ajiegemeze, na mguu ukabomoa ukingo wa mfereji unaotoa maji kwenye ndiva, bwawa la juu, kuyapeleka mashamba ya tangawizi. Kijiji kizima kiliacha kazi kwenda kuziba.

Mzee Sekiete, msimamizi wa mfereji, akachoka. Akamwita Kajiru, aliyetaka naye kupita njia hiyo, mbele ya watu.

"Chombo chako kisizidi uzito wa gunia la tangawizi. Na usiguse chini kwa mguu mpaka ufike ndiva. Ukigusa, njia hii nayafungia magurudumu yote, na wewe, baba, unarudi kwenye majembe."

"Mzee, hata ukifumba macho," alisema Kajiru, "utasikia nimefika."

Siku ya kupima, mti mrefu ulining'inizwa kwa kamba, huku pikipiki, huku gunia la Bi Nakijwa, mmoja wa wakulima wa tangawizi. Pikipiki ikazama. Kajiru akafungua matagadi ya kuzuia tope, akang'oa taa. Ikazama bado.

"Vua na suruali," alisema Bi Nakijwa. "Labda itatosha."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kajiru akakitazama kiti. Alikishona mwenyewe kwa ngozi ya mbuzi, na mwezi mzima alikuwa akijisifia. Akakifungua. Mti ukakaa sawa.

"Sasa utakalia nini?" aliuliza Mzee Sekiete.

"Nani kakwambia nitakaa, mzee?"

Mdomo ndio uliosema hivyo. Hakuwa amewahi kuendesha amesimama hata hatua kumi.

Jabali la kwanza likamfundisha. Zamani akikaa, pikipiki ikiyumba iliyumba naye. Sasa iliyumba peke yake katikati ya magoti, yeye ametulia juu. Injini ikavuta tu-tu-tu, bila papara. Penye kona ya mfereji gurudumu la mbele likateleza, na mguu wa kushoto ukataka kushuka. Akaunyima. Akasukuma kiuno upande wa pili, akasimama papo hapo, pikipiki haiendi wala hairudi. Kisha akaongeza mafuta kidogo tu, akapanda mpaka ndiva.

Mzee Sekiete akaufuata ukingo wote kwa fimbo yake, ameinama. Alipofika juu alisema, "Hapa hata kuku hajapita. Njia ni yako, fundi."

Na tangu siku hiyo, pikipiki za majabalini huundwa nyepesi na bila kiti, na anayegusa chini kwa mguu hurudi kuanza upya, hata awe mtoto wa nani. Ukiwauliza wapandaji kwa nini hawakai, watakuambia mwenye makalio mazito apande gari.