Chumba cha Kunyweshea

Jambo hili nililisikia kwanza kwa Mama Elinami, huyu anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya yetu. Ilikuwa juzi Ijumaa, tukichagua mchele wa chakula cha leo, siku ya wanawake. Yeye hakunipa kama mfano. Alinipa kama jambo, huku akirusha vijiwe vya mchele kwa hasira mpaka kuku wakakimbia. Mimi ndiye niliyeligeuza kuwa mfano, nikaondoa majina, ili mtu asije akaulizwa kazini. Wazee wa kanisa, nimepewa dakika kumi, na sauti yangu ni ndogo. Naomba mnivumilie.

Kulikuwa na msanifu mmoja wa majengo katika mji mkubwa. Tajiri mmoja alimwita akamwambia, "Wafanyakazi wangu wanaumwa vichwa. Wanakaa kutwa nzima ndani ya zege, hawaoni hata jani. Nijengee ofisi ambayo mtu akiingia ajisikie yuko msituni."

Msanifu yule alikuwa fundi kweli. Akachora ghorofa saba zinazozunguka uwazi mmoja, na juu ya uwazi ule akaweka paa la kioo. Katikati akasimamisha mti mzima, ulioletwa na lori pamoja na udongo wake. Ukutani akaotesha mimea ya kutambaa, na maji yakawa yanateremka taratibu juu ya mawe, mchana na usiku. Alijua kila jani litapata jua saa ngapi. Alijua upepo utaingilia dirisha gani na kutokea lipi. Na kwa kuwa mimea nayo huchoka ikikaa ndani, alitenga chumba kimoja ghorofa ya chini, chenye kivuli, bomba la maji, kigoda na utulivu, ili mmea ukidhoofika upelekwe humo ukapumzike. Mnasikia? Mmea ukapumzike. Kila chumba kikaandikwa jina lake mlangoni kwa herufi za shaba.

Watu wakaacha kuumwa vichwa. Hilo ni kweli na silipingi. Mti ni kitu chema.

Sasa, ndani ya jengo hilo alikuwemo mama mmoja wa usafi. Kazi yake ilikuwa kupangusa majani, moja moja, kwa kitambaa chenye maji, maana ndani hakuna mvua ya kuyaosha. Mama huyu alikuwa na mtoto wa miezi mitatu. Alimwacha nyumbani kwa bibi yake, na mtoto mwenyewe hataki maziwa mengine. Ukimpa ya ng'ombe anatapika. Kwa hiyo kila siku saa saba mchana bibi alikuja mpaka getini kuchukua chupa ya maziwa ya mama. Chupa hiyo ndiyo ilikuwa chakula cha mtoto mpaka jioni. Hakuna kingine. Na ninyi mama zangu mnajua: titi lisipokamuliwa linauma, halafu linakauka. Halisubiri mtu.

Akamfuata msimamizi wake. "Dada, naomba mahali pa kujikamulia. Dakika kumi tu."

"Kwani choo kimejaa?"

"Dada, chakula cha mtoto nikiandalie chooni?"

"Wewe umeletwa hapa kupangusa majani au kufungua kiwanda cha maziwa?"

Basi akawa anajikamua chooni, amesimama, ameuzuia mlango kwa mgongo. Watu wakigonga, anashtuka, maziwa yanagoma. Chupa ikaanza kwenda nusu. Kisha ikawa inaenda robo, na bibi anaitikisa pale getini kama mtu anayetikisa kibuyu kitupu.

Siku moja alipangiwa ghorofa ya chini, ambako hakuwahi kufanya kazi. Akapita mbele ya mlango. Akausoma haraka, kama mtu mwenye kiu: CHUMBA CHA KUNYONYESHEA. Akasimama. Akasema moyoni, "Kumbe walinikumbuka." Akaingia. Akakuta kivuli, bomba la maji, kigoda. Akanawa mikono, akakaa. Siku hiyo chupa ilijaa mpaka shingoni, na bibi akamwuliza, "Leo umekula nini, mwanangu?"

Siku tano alifanya hivyo. Siku ya sita msanifu alikuja na wageni kuwaonyesha kazi yake. Akawaambia, "Ndani ya jengo hili kila kiumbe hai kina mahali pake." Akafungua mlango.

"Mama, unafanya nini humu?"

"Shikamoo, bosi. Najikamua. Si ndicho chumba cha kunyonyeshea?"

Mgeni mmoja akacheka. Msanifu akasema, "Toka nje, usome tena."

Akajifunika kanga, akatoka. Akaweka kidole juu ya shaba, herufi kwa herufi. CHUMBA CHA KUNYWESHEA. Cha kunyweshea mimea.

"Nisameheni," akasema. "Nilidhani mmenikumbuka." Kisha akauliza, tena bila ukali wowote, "Na cha kunyonyeshea kiko ghorofa ya ngapi?"

Msanifu akawatazama wageni wake. "Hakuna aliyekiomba, mama."

"Na huo mti, bosi, uliomba?"

Ninyi mngemjibu nini? Baba zangu mliovaa tai hapo mbele, mngemjibu nini?

Kesho yake mlango ule ulikuwa na kufuli. Mama akarudi chooni, na baada ya wiki mbili maziwa yakakata kabisa. Bibi akaacha kuja getini, maana hapakuwa na cha kufuata. Mtoto yuko hai, lakini ukimbeba mikono yako inahesabu mbavu. Na mwezi uleule mti ukachipua majani mapya. Wakaukatia keki.

Naona mmekasirika. Baba mmoja pale anatikisa kichwa. Mimi pia Ijumaa nilikasirika, nikawa namsema vibaya msanifu yule, kwamba hana mama, kwamba alizaliwa na zege. Mama Elinami akaniacha nimalize. Kisha akaniuliza, "Na huo ufunguo uliofunga kwenye kanga yako ni wa nini?"

Ulikuwa ufunguo wa chumba cha maua cha kanisa hili.

Wapendwa, msimtafute msanifu yule mjini. Sisi ndio tuliokaa kikao tulipokuwa tunajenga hapa. Sisi ndio tuliosema maua ya madhabahuni yakikaa juani yatanyauka. Tukayajengea chumba ubavuni, chenye dirisha la mashariki na sakafu laini, tukaandika mlangoni CHUMBA CHA KUNYWESHEA MAUA. Na mtoto akilia katikati ya ibada tunasemaje? "Mama, mtoe mtoto nje." Nje wapi? Nyuma ya tangi la maji, juu ya matofali yaliyobaki, jua la saa tano linamchoma utosini. Tumesema hivyo mara ngapi, tena kwa upole, tena tukitabasamu? Kila Krismasi tunaimba kwa furaha kwamba mtoto amezaliwa, na watoto wenyewe tumewaweka nyuma ya tangi!

Tutasema hakuna aliyeomba. Ni kweli. Mimi nimewanyonyesha wanangu wawili nyuma ya lile tangi, na ufunguo wa kile chumba umefungwa kwenye ncha ya kanga yangu. Miaka minne. Sikuomba, wala sikufungua. Nilikuwa nasubiri kuruhusiwa, na waliokuja nyuma yangu wakaona mahali pao ni pale, wakakaa. Hasira yangu ya Ijumaa ilipomaliza kuzunguka mji, ilirudi ikanikuta mimi.

Lakini maua nayo hayakuomba. Tuliyakumbuka tu. Umpendaye humsubirishi mpaka aombe. Na kama tunakumbuka ua na kumsahau anayenyonya, basi tusijidanganye kwamba tunapenda uhai. Tunapenda mapambo.

Asubuhi iliyofuata, yaani jana, ilikuwa zamu yangu ya maua. Nilifungua chumba kile. Nikatoa vyungu vyote kumi na kimoja, nikavipanga nyuma ya tangi, juu ya yale matofali. Nikadeki. Nikaingiza benchi moja la kwaya na mkeka wangu wa nyumbani. Kisha nikachukua kisu, nikakwangua neno MAUA kwenye kibao, nikakwangua na ile W. Mahali pake nikaandika O, N, Y kwa rangi iliyobaki ya madirisha. Zimebanana kidogo, lakini zinasomeka. Mlango sikuufunga.