Kitanda cha Kamba cha Bi Zahabu

Mtandikie bibi, mtoto atalala. Methali hii ilizaliwa hivi, na ilizaliwa milimani, katika kijiji kilichoitwa Kwembago, ambako ukungu hushuka mchana kama mtu aliyechoka kuisubiri jioni.

Mmeisikia leo asubuhi, wanangu, mlipomzunguka dada yenu na karatasi yake ya vitu vya mtoto, kila mmoja akiongeza chake: beseni, poda, soksi, chandarua cha mwavuli. Shangazi yenu akapita na ndoo yake, akaisema methali, akaenda zake. Mkacheka, kisha mkauliza bibi anaingiaje hapo. Haya, wekeni kalamu chini.

Hapo Kwembago aliishi Zaina, mke wa Mbelwa. Zaina alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi sita, wakati wa masika, na watu wakamwambia yale ambayo watu husema: ni mapenzi ya Mungu, utapata mwingine. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Sasa mtu asipoambiwa kwa nini hujitafutia mwenyewe, na Zaina alijitafutia hivi: hakuwa amejiandaa. Mtoto alichungulia dunia, akaona hakuna hata soksi moja inayomngoja, akarudi alikotoka.

Safari hii hakutaka kosa. Tumbo lilipoanza kuonekana tu, akaanza kukusanya. Kila siku ya soko alirudi na kitu ndani ya kikapu. Beseni la bati lenye maua mekundu ubavuni. Poda. Kofia tatu za sufu. Chupa ya kunyonyeshea, ingawa matiti yake yalikuwa mazima. Viatu vya mtoto ambaye hata kukaa angechukua miezi kujifunza. Alivipanga kitandani akavitazama mpaka macho yakalegea, akamwona mtoto ndani ya kila kimoja, mara amelala, mara anacheka, mara anatembea peke yake kwenye njia nyeupe isiyo na mwisho. Hofu ilipomjia alinunua kitu, nayo ikaondoka. Ilikaa siku mbili tatu huko ilikokwenda, ikarudi kuangalia kama pana nafasi nyingine.

Mbelwa alimpenda mkewe na hakujua kumkatalia. Siku moja alimweleza fundi wa sokoni kitanda cha mtoto alichowahi kukiona kwa mabwana wa shamba la kahawa, chenye vizuizi pande zote. Fundi akasikiliza, akapima kwa macho, akatengeneza kitu kikubwa kupita kiasi. Kitanda kililetwa vipande vipande vichwani mwa watu wanne.

Jirani yao, Mama Sechonge, mwanamke wa maneno, alikuja kukitazama. Akakizunguka, mikono kiunoni.

"Zaina mwanangu," akasema, "mtoto akililia upande ule, wewe uliye upande huu utamfikia leo au utalala njiani?"

Wakacheka, lakini kitanda kilitaka pa kukaa. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Chumba cha kwanza walilala wenyewe. Cha pili kilikuwa kidogo, na ndani yake palikuwa na kitanda cha kamba tu. Hicho kilikuwa cha Bi Zahabu, mama yake Mbelwa, aliyeishi ng'ambo ya kilima kwenye shamba lake la maharage. Alipokuja kuwaona alilala hapo.

"Na mama akija kukaa arobaini?" Zaina akauliza.

"Mama hana makuu. Atajibanza popote."

"Popote wapi?"

"Sasa Zaina, si wewe uliyesema rafu hazitoshi?"

Na kweli alisema. Mbelwa akazifungua kamba za kitanda cha mama yake, akazikunja, akazitundika ukutani jikoni. Miguu ya kitanda ikawa nguzo za rafu. Juu ya rafu wakapanga kofia, poda, chupa na viatu. Kitanda kipya kikaunganishwa katikati, chumba kikajaa hadi mlangoni. Zaina akasimama akakitazama, akajisikia ametulia kabisa.

Mtoto akazaliwa salama asubuhi ya ukungu, wa kike, na mkunga akasema ana mapafu ya mpiga mbiu.

Siku ya tatu Bi Zahabu akafika. Sasa sikilizeni desturi ya pale Kwembago. Mwanamke anayekuja kumlea mzazi arobaini haji na kitanda wala jamvi, maana atakuwa amewaambia wenye nyumba kwamba hawana kitu. Wala haulizi atalala wapi. Anautua mzigo wake mlangoni, anaingia. Mwenye nyumba anaubeba ule mzigo na kuuweka juu ya kitanda alichotandikiwa, na hapo ndipo mgeni anajua kwamba amekaribishwa.

Bi Zahabu akautua mzigo wake mlangoni, chungu chake cha uji kikiwa juu. Akaingia. Akambeba mjukuu, akamnusa kichwani. Akaoneshwa kitanda cha vizuizi, akakisifu. Akaoneshwa rafu, akasifu kimoja kimoja, na alipofika kwenye zile nguzo mkono wake ukatua juu ya mti alioujua, ukakaa kidogo, ukaondoka. Akapika uji, akamnywesha Zaina. Kila mara macho yake yalikwenda mlangoni. Mzigo ulikuwa pale pale.

Jua lilipopinda akasimama.

"Basi wanangu, acha niwahi kabla ukungu haujafunga njia. Nilipita tu kumsalimu mgeni."

"Mama, si ungekaa?" Zaina akasema, akaishia hapo, kwa sababu alijua swali litakalofuata ni, "Wapi?"

"Maharage yangu yananiita, mwanangu."

Akaupandisha mzigo kichwani. Zaina alimtazama akiingia kwenye ukungu, miguu ikapotea kwanza, kisha mwili, na mwisho ukabaki mzigo peke yake ukielea kwenda zake.

Tangu hapo mtoto hakulala. Wakimlaza kwenye kile kitanda kikubwa cha vizuizi alitupa mikono kama mtu aliyemwagwa njiani, akalia. Akipakatwa alilala, akishushwa alilia. Mbelwa alijaribu kumbembeleza, lakini alfajiri alitakiwa shambani. Zaina aliacha kujua siku. Alikuta chumvi kwenye poda na poda kwenye mboga. Mara nyingine alisimama katikati ya ua, jua limetoka, hajui anakwenda wapi, na viatu vya mtoto viko mkononi mwake.

Siku ya kumi na mbili, mchana, Mbelwa yuko shambani, Zaina akatia maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akakaa kwenye kigoda jikoni. Akamlaza mtoto juu ya mkono wake wa kushoto ndani ya maji. Kidole cha mkono wa kulia mtoto alikishika, kama watoto wanavyoshika, kwa nguvu za mtu anayeogopa kuanguka.

Mvuke ukapanda kutoka kwenye beseni. Ukungu ukaingia mlangoni. Vikakutana katikati ya jiko kama ndugu wawili walioachana siku nyingi. Na mtoto, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, akanyamaza. Maji yalimpendeza. Kimya kile, wanangu, kilikuwa kitamu. Zaina alikisikia kikimwingia masikioni kama mafuta ya nazi yaliyopata moto kidogo. Akajiona yuko mahali peupe, anatembea juu ya kitu laini, amemshika mtu mkono. Uso wa mtu huyo hakuuona. Kofia za sufu zilipita juu yao kama ndege. Viatu vidogo vilitangulia vyenyewe, havina mguu ndani, na hakuna kitu kilichokuwa kizito tena. Mbele yao akaona kitanda cha kamba, kimetandikwa. Akasema moyoni, afadhali. Hapo yule mtu aliyemshika mkono akamwachia.

Hicho ndicho kilichomwamsha. Kidole chake kilikuwa kimeachwa.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelegea. Maji yalikuwa yameyapita masikio ya mtoto, yamefika pembeni mwa mdomo, yanaingia na kutoka polepole, na mtoto anatazama juu, macho wazi, halii.

Zaina akamnyakua, akampindua, akampiga mgongoni. Maji yakamtoka mtoto puani. Akakohoa mara moja. Akakohoa tena. Kisha akalia, na kilio kile ambacho Zaina alikuwa akikikimbia siku zote hizo akakisikiliza akiwa amepiga magoti, kifua wazi, anaomba kisikome.

Mbelwa aliporudi alimkuta bado hapo chini, mtoto amefungwa kifuani kwake kwa kanga.

"Mbelwa, nusura nimzamishe mtoto."

"Unasema nini?"

"Nilisinzia. Angenifia mikononi, kwenye beseni langu la maua."

Mbelwa akalitazama beseni. "Kesho nitashuka sokoni. Kuna kigoda cha kumwogeshea mtoto, nimekiona, unamkalisha hivi, halafu..."

"Ukileta kitu kingine ndani ya nyumba hii nitakitupa mtoni, na wewe juu yake."

Mbelwa akachuchumaa mbele yake. Halafu akauliza kwa upole, "Sasa unataka nini, mke wangu?"

"Mama yako alilala wapi siku ile?"

"Hakulala. Si alisema amepita tu?"

"Mtu hupita tu na chungu chake cha uji? Na nguo za siku arobaini?"

Mbelwa akageuka kuutazama mlango wa nyumba.

"Ule mzigo ulikaa mlangoni tangu asubuhi, Mbelwa. Wewe uliuruka mara tatu, ukitoka na kuingia. Mimi nilikuwa nauona nimelala. Nilijua. Nilijua, nikaona aibu kusema kwamba hatuna pa kuuweka."

Mbelwa akatoka jikoni, akaingia chumba cha pili. Zaina akasikia msumeno. Kitanda cha vizuizi kililia chini ya meno yake mpaka kikawa vipande vinavyoweza kupita mlangoni. Kisha zikashushwa rafu, na vitu vyote vikalala sakafuni rundo moja, kama bidhaa za mchuuzi aliyekimbia mvua. Nguzo nne zikarudi kuwa miguu. Kamba zikatolewa jikoni, zimekauka na kunuka moshi, zikalowekwa. Wakasuka wawili, huyu anavuta upande huu, yule anavuta upande ule, mtoto akiwa bado amefungwa kifuani mwa mama yake, na kila kamba ilipokazwa ilitoa mlio mnene, dum, na mtoto akafumba jicho moja.

Asubuhi Mbelwa akavuka kilima. Alimkuta mama yake uani anapepeta maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo."

Ungo ukaendelea, maharage yakipanda na kushuka. Mbelwa alikuwa amepanga maneno mengi njiani, na yote yakamponyoka.

"Mama, tumekutandikia."

Ungo ukasimama. "Kile cha kamba?"

"Kile kile. Nimekikaza upya. Zaina alishika upande wa pili."

Bi Zahabu akainuka, akakung'uta makapi kwenye kanga yake, akaenda mlangoni. Mbelwa akaona mzigo. Ulikuwa umekaa nyuma ya mlango vilevile ulivyotoka Kwembago, fundo lake halijaguswa, chungu juu yake, na buibui amefunga uzi wake kutoka chungu hadi ukutani.

"Mama, hukuufungua? Siku zote hizi?"

"Na mngeniita ghafla je?"

Zaina aliwangoja njiani. Hakuacha mzigo ule utue chini. Aliupokea kichwani kwa mkwewe, akaupeleka ndani, akauweka juu ya kitanda. Halafu akageuka, machozi yanamtoka, akitafuta namna ya kuanza.

"Utaniomba radhi ukiamka," Bi Zahabu akasema. "Lete mtoto. Nenda kalale."

Zaina akalala. Alilala mchana ule wote na usiku wake, hadi ukungu wa siku ya pili. Katikati ya usingizi alimsikia mtoto akiwekwa kwenye titi lake na kuondolewa tena, taratibu, kama mtu anayechuma tunda bila kutikisa tawi. Hakuota chochote. Chumba cha pili kitanda cha kamba kilikuwa kikinesa kidogo kidogo, na mtoto amelala juu ya kifua cha bibi yake, ngumi zimefunguka.

Mama Sechonge akapiga hodi. "Jamani wenyewe! Mbona kimya hivi, mmehama?"

Mbelwa akatokea mlangoni, kidole mdomoni. "Taratibu, mama. Tumemtandikia bibi, mtoto amelala."

Mama Sechonge hakuwahi kupewa neno akakaa nalo. Kabla jua halijapinda neno lile lilikuwa limefika kisimani, na siku ya soko lilishuka mlima. Mwanamke yeyote mwenye mimba aliyeuliza anunue nini, alijibiwa kwa neno hilo kwanza. Vile vitu vingine Zaina aligawa. Alibaki na beseni, kofia moja na kanga zake laini. Viatu havikuvaliwa kamwe. Mtoto alipoanza kusimama, miguu ilikuwa imekwisha kuvizidi.

Haya, chukueni kalamu. Beseni liandikeni, mtoto lazima aoge. Lakini juu yake, mstari wa kwanza kabisa, andikeni jina la mtu, na mbele ya jina andikeni atalala wapi. Kama bibi ameshatangulia mbele ya haki, tafuteni mwingine, shangazi, jirani, yeyote ambaye mikono yake imeshawahi kulea. Wala msingoje aulize. Hatauliza. Atasema amepita tu.

Mtandikie bibi, mtoto atalala.