Mtamba wa Mafinga na Waliomleta Siha

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, lami ikiwa imeshafika Kondoa na kila mtu ana simu mfukoni, palikuwa na mama mmoja huko Siha, kwenye miteremko ya magharibi ya Kilimanjaro. Jina lake Aikande. Mama huyu alikuwa na farasi mmoja mzee. Farasi huyo hakulima wala hakuvuta mkokoteni. Kazi yake ilikuwa kubeba watoto ambao miguu yao haikuwabeba.

Alianza na binti wa Aikande mwenyewe, Ndeshi, aliyezaliwa na miguu isiyo na nguvu. Siku Ndeshi alipokalishwa mgongoni mwa farasi, akanyoosha mgongo na kutazama mbele, jambo ambalo kwenye kiti lilikuwa likimshinda. Wazazi wengine wakasikia. Wakaleta watoto wao, kutoka Sanya Juu, kutoka Bomang'ombe, hata kutoka Machame.

Lakini farasi alizeeka, akaanza kujikwaa. Aikande akasema, "Huyu akilala, watoto hawa watarudi kukaa sakafuni."

Ndipo zikaja habari kwamba kule Mafinga, Nyanda za Juu Kusini, shamba moja linafunga mabanda yake ya farasi. Yupo mtamba, farasi jike mchanga, mpole, bado hajawekewa tandiko. Mwenye shamba atamtoa bure kwa mtu mwenye kazi naye, mradi achukuliwe kabla ya mvua.

Sasa ukitaka kujua Mafinga ni mbali kiasi gani na Siha, anza kutaja miji: Iringa, Mtera, Dodoma, Kondoa, Babati, Arusha, halafu bado hujafika. Na farasi hapandi basi. Farasi anasafiri kwenye trela, amesimama njia nzima, na kila kona anaikanyaga kwa miguu yake minne.

Aikande akasema mbele ya ndugu na majirani, "Yeyote atakayemfikisha huyu mtamba mlangoni kwangu akiwa hai, mtoto wa kwanza wa farasi huyu atakuwa wa mtu huyo."

Alisema hivyo akidhani ni kazi ya mtu mmoja.

Wa kwanza kusimama alikuwa shemeji yake, Mzee Ndelilio, mkuu wa stesheni mstaafu. Stesheni yake ilishafungwa na reli ikaota majani, lakini kichwani mwake treni zilikuwa bado zinapishana. Akasema, "Shemeji, safari hii niachie mimi niipange."

Akaipanga kiangazi kizima. Wengine walimwambia apitishe trela Morogoro, barabara ni nzuri. Akakataa. "Kule Mikumi kuna ndorobo. Nzi mmoja akimuuma, utaleta farasi atakayekufa baada ya mwezi." Akachagua njia ya Mtera. Akapiga simu kwa watu asiowajua, akatafuta kila kituo mtu mwenye kivuli na maji. Akasikia kwamba farasi hukataa maji ya ugenini, hata akiwa na kiu ya kumwangusha. Akatuma ujumbe Mafinga kwamba tangu leo maji yake yatiwe sukari guru kidogo, ili njiani kila ndoo iwe na ladha ya nyumbani. Akauliza, farasi safarini huuawa na nini? Wakamwambia, huuawa na tumbo, tumbo likijisokota. Akatafuta dawa yake Arusha, akaituma kwa basi mpaka kwa bwana mifugo wa Kondoa, akamsihi asisafiri siku hizo.

"Na asipougua?" bwana mifugo akamuuliza.

"Asipougua, utanirudishia dawa yangu, nami nitacheka."

Huyo ni wa kwanza. Mshikeni.

Wa pili alikuwa dereva, Gidamis, Mwiraqw wa Karatu, aliyekuwa akisafirisha ng'ombe wa mnada. Alifika Mafinga na pikapu yake, akalikuta shamba lina trela ya zamani. Kabla ya kitu chochote akaingia mwenyewe ndani ya trela tupu, akasimama pale atakaposimama farasi, akamwomba fundi wa shamba avute trela ile kwa pikapu, azunguke nayo shambani. Akatoka amejigonga kiwiko na paji la uso.

"Kaka, umepata nini humo?" akaulizwa.

"Nimejua breki inavyomfikia. Sisi kule mbele tunaona shimo. Yeye haoni. Yeye linamkuta tu."

Tangu hapo hakushika breki ghafla. Aliikaribia kona kama mtu aingiaye chumba chenye mtoto aliyelala. Huyo ni wa pili. Naye mshikeni.

Wa tatu alikuwa Semeni, msichana wa Kihehe, mtunzaji wa mabanda. Mama wa mtamba alikufa wakati wa kuzaa, na Semeni ndiye aliyemlea kwa chupa, akilala naye kwenye nyasi kavu. Lakini hakumpa jina. Alijua mabanda yatafungwa. Akasema, "Nikimpa jina, nitamwita. Nikimwita, atageuka. Bora aende bila kugeuka."

Mtamba alikuwa anaiogopa trela. Akiona ule mlango mweusi, anasimama kwa miguu ya nyuma. Semeni hakumlazimisha. Akaweka chakula chake mlangoni mwa trela. Siku nyingine akakisogeza ndani kidogo. Siku nyingine akaingia yeye, akakaa chini, akaanza kusuka ukili, asimtazame. Mtamba akaja mwenyewe kuona kuna nini. Akamfundisha kuingia, na akamfundisha jambo gumu zaidi, kutoka kinyumenyume, polepole, kwa neno moja: "Nyuma." Akamfundisha mpaka akazoea, na kila siku mtamba alipofanya vizuri, Semeni alijua kwamba anafundisha kuachwa.

Basi safari ikaanza asubuhi. Gidamis na Semeni mbele, mtamba nyuma, Mzee Ndelilio kwenye simu Siha. Mtera wakapata kivuli kama walivyoahidiwa. Mtamba akanusa ndoo, akaonja sukari guru, akanywa. Dodoma wakalala kwa mfugaji mmoja, salama.

Kesho yake, karibu na Kondoa, wakakuta daraja linakarabatiwa. Magari yalikuwa yakipitishwa kando, kwenye tuta jembamba la udongo, huku korongo na huku korongo. Wakaingia. Mbele yao lori la mahindi likapinduka, likaziba njia. Foleni ikasimama. Jua la mchana likaanza kuiunguza ile trela ya bati, na mtamba ndani akaanza kutoka jasho jeupe.

Gidamis akapiga simu. Mzee Ndelilio akasema, "Nyuma yenu, mlipopita ule mnara, yupo Bi Mwasiti, mfuga ng'ombe. Ana kivuli na kisima, nilishaongea naye. Rudini kwake."

"Mzee, tuta ni jembamba. Kurudi rivasi na trela hapa ni hatari."

"Na kukaa?"

Gidamis akamtazama Semeni. Semeni akasema, "Kaka, tukikaa anakufa."

Magari machache ya nyuma yakarudi, nafasi ikapatikana. Gidamis akaanza rivasi. Mwenye kuijua kazi hiyo anajua: ukitaka trela iende kushoto, usukani unakwenda kulia. Alirudi kidogo kidogo, watu wametoka kwenye magari wanamtazama. Akamaliza karibu tuta lote. Kisha ukingo wa udongo ukamegeka. Gurudumu moja la trela likaning'inia, trela ikainama upande wa korongo, na pikapu ikaanza kuvutwa.

Gidamis akakandamiza breki kwa nguvu zake zote. Hendibreki peke yake haikutosha, aliisikia inateleza. Mlango wake ulikuwa upande ambao udongo haukumegeka, na watu wakampigia kelele aruke. Hakuruka. Goti lake lilikuwa bovu tangu zamani, lilishawahi kuvunjwa na ng'ombe. Akalinyoosha juu ya pedeli, akabaki hivyo, machozi yanamtoka kwa maumivu.

Semeni alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akaingia. Kuingia kwenye trela iliyoinama, pamoja na farasi mwenye hofu, ni kujiweka kati ya ukuta na jiwe linaloanguka. Mtamba alikuwa anapiga mateke bati. Semeni hakupaza sauti. Akamshika kamba, akamshusha kichwa mpaka paji lake likagusa kifua chake, kisha akasema, "Nyuma." Mtamba akarudisha mguu mmoja. "Nyuma." Akarudisha mwingine. Akatoka, akasimama kwenye udongo, anatetemeka.

Watu wakaja na kamba na mabega, wakaiinua trela. Gidamis akashushwa kwenye gari amebebwa.

Mkidhani yameisha, bado. Walipofika kwa Bi Mwasiti, kivulini, mtamba akalala chini, akaanza kujigaragaza na kujitazama ubavuni. Tumbo lilikuwa limejisokota. Katika wilaya ile hapakuwa na farasi, na pasipo farasi hapana dawa ya farasi. Lakini dawa ilikuwepo. Bwana mifugo akapigiwa simu, akafika kwa pikipiki, chupa ya Mzee Ndelilio imo kwenye begi lake. Akamchoma sindano. Semeni akamtembeza taratibu, kuzunguka zizi, kuzunguka zizi. Jua likiwa linaelekea kuzama, mtamba akainama, akang'ata jani la kwanza.

Asubuhi trela ilikuwa imetengenezwa na njia imefunguliwa. Mtamba akaiona, akasimama kwa miguu ya nyuma kama siku za mwanzo. Nani angemlaumu? Semeni akaingia ndani ya trela ile ile, akakaa chini, akaanza kusuka, asimtazame. Wakangoja. Mtamba akaingia.

Gidamis akaendesha mpaka Siha, goti limefungwa vitambaa, na farasi hakusikia shimo hata moja. Walipofika, Aikande alimbeba Ndeshi mpaka langoni. Ndeshi akanyoosha mkono, na mtamba akaupulizia. Siku ya pili Semeni akapanda basi kurudi Mafinga kwenye mabanda matupu.

Miaka ikapita. Mtamba akakua, akabeba watoto wa Siha, kisha akazaa. Mtoto alipoachishwa kunyonya, Aikande akawaita wote watatu, maana ahadi ni deni.

Mzee Ndelilio akasema, "Mimi sikutoka jasho barabarani, sifichi. Lakini ile chupa haikwenda Kondoa kwa miguu yake. Hawa wawili walimwokoa alipokuwa hatarini. Mimi nilimwokoa hatari ikiwa haijazaliwa. Aliyemfikisha ni mimi."

Gidamis, ambaye sasa alitembea kwa mkongojo, akasema, "Mzee, nakuheshimu. Lakini ni wewe uliyesema turudi, na tuta lilimegekea chini ya magurudumu yangu. Mlango ulikuwa wazi, ningeruka. Ningeruka, dada angemtolea wapi farasi? Korongoni? Nilitoa goti langu. Aliyemfikisha ni mimi."

Semeni akasema, "Shikamoo mzee. Pole kaka. Yote mnayosema ni kweli. Lakini asubuhi ile Kondoa, dawa ilikuwa imefanya kazi, dereva alikuwa tayari, njia ilikuwa wazi. Aliyekataa alikuwa mtamba mwenyewe. Akaingia kwa sababu aliniamini. Ninyi mlimleta hapa mkampata. Mimi nilimleta hapa nikamkosa. Aliyemfikisha ni mimi."

Mzee Ndelilio akavua kofia yake. Gidamis akatazama chini. Hakuna aliyeondoa neno lake, na hakuna aliyelikanusha neno la mwenzake.

Aikande yuko langoni, ameshika kamba ya mtoto wa farasi. Mtoto ni mmoja na kamba ni moja, na wenye haki ni watatu, kila mmoja wao angestahili peke yake kama wengine wasingekuwepo. Amewatazama, ameshindwa, amenigeukia mimi. Mimi nami nimeshindwa, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Haya, wasikilizaji, semeni ninyi: kamba hii akabidhiwe nani?